Kabla Ununue Mashine ya Kukausha Nguo, Jiulize Maji Yanaenda Wapi

Wacha nianze na kitu cha aibu. Julai mwaka jana nilisogeza kabati la nguo za mtoto ili nifagie nyuma yake, nikapata ukuta wote umekuwa mweusi. Haikuwa uchafu. Ilikuwa kuvu. Zile doa doa kama mtu amechovya brashi kwa masizi akarushia ukuta. Nikagusa, rangi ikatoka na kidole. Na hatua mbili kutoka hapo ndipo kitanda cha mtoto wangu wa miezi saba kilikuwa.

Sasa kabla uanze kunihukumu, sikiliza vile tulifika hapo.

Tunaishi Kinoo, ghorofa ya tatu. Kama unajua hiyo barabara ya kwenda Kikuyu, unajua ukishapita Kangemi hata hewa inabadilika. Kuanzia Juni mpaka Agosti kuna siku jua halitokei kabisa. Asubuhi ni ukungu, mchana ni wingu, jioni ni manyunyu. Jinzi unaweza kuianika Jumatatu ukaianua Alhamisi, na bado ukiivaa unahisi kiuno kina baridi.

Kamba za kuanika ziko juu kwa rufu. Ploti yetu ina nyumba 24 na kamba hazitoshi hata nyumba kumi. Ukichelewa, hupati nafasi. Ukipata nafasi, usizubae, kwa sababu kuna mtu ambaye hajawahi kujulikana anapenda sana nguo za watoto na jinzi za wanaume. Mimi niliibiwa blanketi la mtoto likiwa bado linatiririka maji! Na ukijaribu kuanika kwa balkoni inayoangalia barabara, msimamizi wa ploti anapanda ngazi kukuambia nyumba inaonekana kama Gikomba.

Kwa hivyo tukawa tunaanika ndani. Kwa migongo ya viti, juu ya milango, na kwa ka-stendi fulani tulikokanunua hawker akipita. Ka-stendi kalikuwa kwa chumba cha mtoto kwa sababu hapo ndipo tulikuwa tunawasha hita. Tukajiona wajanja. Mtoto anapata joto, nguo zinapata joto, stima ni moja.

Kikohozi cha mtoto kilianza kidogo kidogo. Usiku zaidi. Dawa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Siku moja daktari mmoja mzee hivi, badala ya kuandika dawa ya tatu, akaweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, nguo mnaanika wapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa tu. Hakusema kuvu ndiyo imeleta kikohozi, na mimi pia sisemi hivyo, kwa sababu Julai Kinoo nusu ya watoto wanakohoa. Lakini alinieleza kwamba nyumba yenye unyevu na kuvu huzidisha shida za kifua, hasa kwa watoto wadogo. Na si maneno yake peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba mwaka wa 2009. Niliporudi nyumbani ndipo nikasogeza hilo kabati.

Jioni hiyo nikamwambia mzee wangu: pesa za chama hazinunui sofa tena. Tunanunua mashine ya kukausha nguo.

Mgao wa chama ulikuwa 90,000. Sofa ilikuwa imeshachaguliwa, hata rangi. Aliniangalia, akaangalia ule ukuta, akasema sawa.

Mama yangu ndiye alinisumbua. Nilimpigia simu Kitui nikamwambia nataka kununua draya, akadhani ni ya nywele.

"Mwaitu, ni ya nguo."

"Ya nguo? Kwani huko Nairobi mlinyimwa jua?"

Na simlaumu. Kwetu Kitui unaanika shuka saa nne, ukimaliza kupika chakula cha mchana unaianua imekauka kama mbao. Kwake yeye, kulipia kukausha nguo ni sawa na kulipia hewa. Akaniambia, "Jua ni la bure, mwanangu." Nikamjibu jua la bure liko kwake, kwangu ni la kukopa.

Basi nikaenda madukani. Nilizunguka matatu, na kila mahali kijana wa duka alikuwa na swali moja la kwanza na la mwisho: "Unataka ya kilo ngapi, siste?" Kilo saba, kilo nane, kilo tisa. Kama mtu anauza unga. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nyumba yangu iko aje, nguo nazifua na nini, au dirisha liko wapi.

Na hapo ndipo maoni yangu yanaanza, kwa hivyo kama umekuwa ukisoma haraka haraka, sasa punguza mwendo. Swali la kwanza si kilo ngapi. Swali la kwanza ni hili: maji yanaenda wapi?

Nguo ikikauka, maji hayapotei. Yanahama. Kwa kamba ya nje yanaenda angani. Kwa ka-stendi ka ndani yanaenda kwa ukuta, kwa godoro, na kwa kifua cha anayelala hapo. Mashine zote unazoona dukani zinatofautiana kwa jambo hilo moja, zinapeleka maji wapi na zinatumia stima ngapi kuyapeleka.

Ya kwanza ni ya bomba. Inavuta hewa ya chumba, inaipasha moto, inaipitisha katikati ya nguo zikizunguka, halafu ile hewa yenye mvuke inatupwa nje kwa bomba la upana wa kama sentimita 10. Maji yanaenda nje. Haina mambo mengi ya kuharibika na ndiyo ya bei ya chini. Shida ni kwamba lazima bomba lifike nje kweli kweli. Ukiliacha limwage mvuke ndani ya nyumba, umenunua kiwanda cha kuvu.

Ya pili ni ya tangi. Hii haina bomba la kwenda nje. Inapoza ile hewa yenye mvuke mpaka maji yanadondoka na kuingia kwa tangi, wewe unamwaga. Ni nzuri kwa mtu ambaye hawezi kutoboa popote. Lakini joto lote linabaki chumbani, mvuke kidogo huvuja pia, na stima inakula sawa tu na ile ya bomba. Ikiwekwa kwa kachumba kasiko na dirisha utajuta.

Ya tatu ni ya pampu ya joto. Fikiria friji. Kuna upande wa baridi na upande wa moto. Hewa yenye mvuke inapita upande wa baridi, maji yanadondoka, halafu inapita upande wa moto na kurudi kwa nguo. Joto lile lile linatumika tena na tena, kwa hivyo stima inapungua sana, chini ya nusu ya zile nyingine. Haichomi nguo kwa sababu joto lake ni la chini. Ila inachukua muda, saa mbili na nusu au tatu kwa mzigo uliojaa, na bei yake utakaa chini.

Halafu kuna zile za kufua na kukausha pamoja. Zinavutia, hasa kama nyumba ni ndogo. Lakini soma karatasi vizuri: iliyoandikwa inafua kilo nane mara nyingi inakausha tano tu. Ukifua nane, lazima utoe zingine ndio ikaushe. Na ikiharibika, umekosa kufua na umekosa kukausha siku moja.

Kwa yale maduka niliyozunguka, ya bomba ilikuwa 52,000, za tangi zilianzia kama 70,000, na ya pampu ya bei ya chini niliyoona ilikuwa 105,000. Yule kijana wa duka la tatu alinisukuma sana kwa ya pampu. "Hii itajilipa yenyewe," akasema.

"Itajilipa lini?"

"Baada ya muda, siste."

Nikarudi nyumbani na karatasi tatu za bei na kichwa kinaniuma.

Sasa kuna mtu ambaye sijamtaja na ndiye aliyenibadilisha mawazo. Mama wa kufua. Amekuwa akija kwetu siku tatu kwa wiki tangu nijifungue, 600 kwa siku. Ni mtu wa makamo, anaongea kidogo, na kola za shati anazifua mpaka unaona haya kuzivaa. Mimi mpango wangu ulikuwa mwepesi: mashine ikija, siku zake zipungue, labda ziishe kabisa. Nilikuwa nimeongea hivyo na mzee jioni, tukiwa jikoni, na sikufikiria kama kuna mtu anasikia.

Siku hiyo alikuwa anamaliza, anavaa sweta yake mlangoni. Akaniambia bila kuniangalia, "Mama Baby, hiyo mashine ikikuja, mimi nikuje Jumatatu ama nisikuje?"

Wueh. Nilikosa jibu. Nikasema tu kwanza bado hatujanunua. Akasema sawa, akaenda.

Jumatatu alikuja. Nilikuwa nimeazima mizani ya kupimia mizigo ya safari, ile ya kuning'iniza, kwa sababu nilitaka kujua nina kilo ngapi za nguo kila siku ya kufua, ndio nijue mashine ya ukubwa gani. Nguo zikiwa kavu zilikuwa kilo nne: shuka mbili, taulo, vinguo vya mtoto, fulana. Halafu, kwa udadisi tu, nikazipima tena baada ya yeye kuzifua na kuzikamua. Kilo nane.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hiyo ni lita nne za maji ndani ya nguo ambazo zimekamuliwa na mtu mzima kwa nguvu zake zote. Mara tatu kwa wiki, lita 12. Kwa hivyo kila siku 12 hivi nilikuwa namwaga mtungi mzima wa lita 20 ndani ya chumba cha mtoto, polepole, kwa njia ya mvuke, halafu nashangaa ukuta umekuwa mweusi.

Alikuwa amesimama karibu akiangalia mizani. Nikamwambia, mama, kumbe zinabaki na maji hivi. Nilikuwa nashangaa tu, lakini yeye alisikia kama nimemlaumu. Akatoa mikono kwa aproni. Kifundo cha mkono wa kulia alikuwa amekifunga kitambaa.

"Hii mikono haikamui kama zamani," akasema. "Sikukuambia juu ungetafuta mwingine."

Nilikuwa nimeona hicho kitambaa wiki nyingi. Nilidhani ni cha kuzuia maji.

Basi nikaenda kwa jirani wa ghorofa ya kwanza, ambaye ana ile mashine ya matangi mawili, moja la kufua na lingine la kukamua kwa kuzungusha. Nikamwomba anizungushie zile zile nguo. Tukazigawa mara mbili, dakika tano tano. Nikapima tena: kilo sita na gramu 200. Yaani kwa dakika kumi tu karibu lita mbili zilitoka, na zilienda kwa mfereji, hazikuenda kwa ukuta wa mtu.

Hapo ndipo nilikaa chini na kalamu. Na kama unataka kununua mashine ya kwanza ya kukausha, fanya hii hesabu na mimi.

Mashine ya kukausha isiyo na pampu, iwe ya bomba au ya tangi, inakula karibu yuniti moja ya stima kwa kila lita ya maji inayotoa kwa nguo. Ya pampu inakula kama nusu ya hiyo au chini kidogo. Mimi nilitumia 0.4. Bei ya yuniti nitaweka 30 ili iwe rahisi, wewe utaweka ya tokeni zako.

Nguo zilizokamuliwa kwa mkono, lita nne, kwa mashine ya bomba: yuniti nne, shilingi 120 kwa mzigo mmoja.

Nguo zile zile zikizungushwa kwanza, lita mbili na kidogo: shilingi 66.

Zikizungushwa kwanza halafu zikaushwe kwa ile ya pampu: kama shilingi 27.

Na kuzungusha kwenyewe? Ile mota ndogo, dakika kumi, ni shilingi moja au mbili tu.

Soma hiyo tena. Kutoa lita mbili kwa kuzungusha ni shilingi moja au mbili. Kutoa hizo hizo lita mbili kwa moto ni zaidi ya hamsini. Hakuna kijana wa duka aliyeniambia hivyo. Na ukweli ni kwamba mashine za kukausha zimetengenezwa zikitarajia nguo zilizozungushwa tayari. Ukirusha ndani shuka iliyokamuliwa kwa mkono, inakuwa nzito, inachukua muda maradufu, na mashine inachoka mapema. Kwa hivyo kama kwenu bado mnafua kwa karai, kitu cha kwanza cha kununua ni ya kuzungusha. Ya kukausha inafuata.

Kuna jambo lingine la tokeni. Ukipita yuniti 100 kwa mwezi, unapandishwa daraja na bei ya yuniti inapanda. Sisi tulikuwa tunatumia kama 70. Mizigo 13 kwa mwezi ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono ingeongeza yuniti 52, tunafika 122. Zikizungushwa kwanza zinaongeza kama 29, tunabaki karibu na 99. Tuko ukingoni, lakini tuko upande wetu.

Sasa ile ya pampu, itajilipa lini? Tofauti ya bei ilikuwa 53,000. Tofauti ya stima ni kama shilingi 40 kwa mzigo. Mimi nahitaji mashine miezi ya mvua na miezi ya baridi, tuseme nusu ya mwaka, mara tatu kwa wiki. Hiyo ni mizigo 78, yaani akiba ya shilingi 3,120 kwa mwaka. Gawanya. Miaka 17! Huyo mtoto atakuwa anamaliza shule ya upili ndio pampu ianze kunipa faida.

Lakini usichukue jibu langu ukalifanya lako. Kama una nyumba za kukodisha kwa wageni wa siku mbili tatu, au una saluni yenye taulo kila siku, au unaishi Limuru na una watoto wanne, mzigo mmoja kila siku mwaka mzima ni akiba ya 14,600. Hapo pampu inajilipa chini ya miaka minne na ningekuambia uichukue bila kusita. Na kama uko peke yako na nguo zako ni kilo nne kwa wiki, wachana na mashine kabisa. Peleka kwa dobi wa kilo wiki zile mbaya, ulipe, uendelee na maisha. Si kila shida ya Julai inataka mkopo.

Mimi nilichukua ya bomba, 52,000, na ya matangi mawili, 18,500. Jumla 70,500. Iliyobaki ndiyo hadithi ya dirisha.

Nyumba si yetu, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya kutoboa ukuta. Lakini dirisha la jikoni ni la vile vioo vya kupanga, vya kufungua na kufunga. Fundi akatoa vioo viwili vya chini, akaweka ubao wenye tundu la bomba, akanipa vile vioo nikavifunga kwa gazeti nikaviweka juu ya kabati. Tukihama tunavirudisha. Mwenye nyumba alikuja, akaangalia, akasema bora maji yasiingie. Nikamwambia mzee, hayo ndiyo maji tunayoyatoa.

Fundi wa stima pia alikuja kabla ya mashine kuwashwa. Hii sehemu tafadhali usiruke. Mashine kama hii inavuta wati 2,000 na zaidi. Inataka soketi yake yenyewe ya ampea 13, iliyofungwa vizuri, na waya mzuri nyuma yake. Usiiweke kwa ekstensheni pamoja na friji na birika. Soketi yetu ya jikoni alipoifungua waya mmoja ulikuwa umelegea na plastiki imeanza kuwa ya kahawia. Tungewasha hivyo hivyo, sijui ningekuwa naandika nini leo. Akabadilisha. Na kwa sababu gesi ya kupikia iko jikoni humo humo, sheria ya nyumba ni kwamba hatupiki mashine ikiwa inazunguka. Inavuta hewa ya chumba na kuitupa nje, na hutaki irudishe moshi wa moto ndani.

Kuna pia kichujio kinachoshika nyuzi. Kila mzigo ukiisha, kisafishe. Kila mzigo, si kila mwezi. Zile nyuzi laini zinashika moto haraka, na zikiziba, mashine inakula stima bure. Mimi ya kwanza niliyotoa ilijaa mkono. Nilibaki nikijiuliza kama nguo zetu zitabaki na kitu.

Fundi wawili, ubao, bomba, soketi: 6,000. Pesa zilizobaki zilienda kwa ukuta wa chumba cha mtoto. Tulikwangua, tukaosha, tukaacha ukauke na dirisha wazi, tukapaka rangi. Kabati sasa limeachwa nafasi ya ngumi kutoka ukutani ndio hewa ipite. Na ka-stendi nilimpa mtu wa chupa na vyuma kuukuu.

Sofa hatuna. Tunakaa kwa ile ya zamani yenye shimo katikati.

Na mama wa kufua? Hapa sitajipamba. Nilikuwa naweza kuandika kwamba hakuna kilichobadilika na kila mtu alifurahi, lakini si kweli. Kazi ilipungua. Tuliongea, mimi na yeye, tukiwa tumekaa. Nilimwambia siku tatu hazipo tena, ni mbili, na kila moja ni 800 badala ya 600. Ukipiga hesabu utaona alikuwa anapata 1,800 kwa wiki na sasa kwangu ni 1,600. Amepoteza 200 kwa mikono yangu. Alipata siku moja wazi, nikamtafutia nyumba ya ghorofa ya pili na anaenda huko. Sasa nguo nzito zinaingia kwa mashine, kola na vinguo vya mtoto bado anataka mwenyewe, na kukamua hakamui tena. Anaweka kwa tangi, anafunika, anageuza kisu cha dakika, anakaa kwa kiti. Wiki ya kwanza alikuwa anakataa kukaa. Anasimama hapo akiilinda kama itatoroka.

Kitambaa cha mkono bado anakifunga siku za baridi. Kuna vitu mashine haikaushi.

Najua kuna watu watasema hii ni anasa. Mama yangu ni wa kwanza. Watu wanalala njaa na wewe unanunua mashine ya kufanya kazi ya jua? Nimefikiria hilo neno sana. Na nadhani tunaita kitu anasa wakati aliyekuwa anabeba uzito wake hakuwa na sauti ya kulalamika. Kukausha nguo ndani hakukuwa bure. Ukuta ulilipa, mtoto alilipa, na mtu wa 600 kwa siku alilipa kwa kifundo cha mkono. Bili ilikuwepo, ila haikuja kwa jina langu.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mtu wa mashine ya kwanza ni mfupi. Pima nguo zako zikiwa kavu na zikiwa zimelowa. Nunua ya kuzungusha kabla ya ya moto. Tafuta dirisha kabla utafute bei. Mwite fundi wa stima kabla ya mashine, si baada. Na yule anayekufulia, kaa naye chini umuulize kabla akuulize yeye mlangoni akivaa sweta. Mimi nilichelewa.

Siku za jua, mashine yetu inalala. Jumamosi iliyopita lilitoka jua safi, nikapanda rufu na beseni, nikapata kamba mbili wazi, nikakaa hapo hapo na mtoto mpaka nguo zikakauka, ili yule mpenzi wa blanketi asipate nafasi. Nikampigia mama yangu simu ya video, nikamwonyesha shuka zikipepea.

Akaangalia, akafurahi. Halafu akauliza, "Na ile mashine yako umeshairudisha?"

Nikamwambia mwaitu, ngoja Julai.